Nyumba Isiyo na Msiba

"Mnyaa haujasogea," alisema Mzee Cleophas. "Jiko lako ndilo limeufuata."

Aline akamwambia jiko halina miguu. Mzee Cleophas akasema hata mnyaa hauna. Walisimama kila mmoja upande wake wa ua, yeye na mswaki mdomoni, Aline na ufagio, na hapo katikati hata kuku asingeweza kugeuka. Wiki iliyopita palikuwa na kamba ya nguo, mkeka wa kuanikia udaga wa muhogo, na njia ya kumtosha mtu mwenye ndoo kichwani. Sasa matawi ya mnyaa wa mpakani yalining'inia juu ya sufuria la maharage.

Odilia aliyasikia yote kutoka saluni kwake, upande wa pili wa nyumba ya Aline, mikono ikiwa kwenye kichwa cha mteja. Mteja akaomba redio ipunguzwe ili wasikie vizuri. Odilia akaizima kabisa.

Aline alikuwa akisema kiwanja chake kinaliwa, tena kinaliwa pande mbili, na kwamba kilianza kuliwa siku ile mtaa ulipoingizwa kwenye simu. Mzee Cleophas akatema povu, akasukutua bila haraka, akasema mambo ya simu aulizwe aliyeitengeneza hiyo programu. Yeye ni mwenyekiti wa chama cha kuzikana, si fundi. Hapo wote wawili wakageuka wakaitazama saluni. Odilia akainama kutafuta kitana, nacho kilikuwa mkononi mwake.

Ni kweli aliitengeneza yeye. Mambo ya kompyuta hakuyasomea. Darasani aliishia la saba, halafu akajifunza kusuka kwa akina mama wa Kikongo kule kambini Nyarugusu, akarudi Kasulu mjini na mitindo yao na maneno mawili matatu ya Kifaransa ya kuringia. Lakini alikuwa katibu wa chama cha kuzikana cha mtaa wa Tanuru, na chama kilikuwa na shida. Tangazo la msiba likiwekwa asubuhi kwenye kundi la simu, kufika adhuhuri limeshafunikwa na maombi, vichekesho na picha za vikombe vya chai vyenye maua. Sylvesta, muuza mkaa, alimzika mkwe wake nusu ya mtaa ikiwa sokoni inachagua nyanya. Mteja mmoja, mtumishi wa serikali aliyetoka kuhamia, akamwonyesha kwamba siku hizi kuna programu ya kutengenezea programu: unaiambia unachotaka, nayo inajenga. Huandiki kitu. Unaongea tu. Na kuongea, Odilia hakuwa na mpinzani kuanzia Tanuru hadi stendi.

Akaiambia kama anavyomwambia mteja. Ikamuuliza mtaa una nyumba zipi. Akazitaja kama zinavyotajwa Tanuru siku zote: kwa Sylvesta, tulipomlilia mkwe, kwa mwalimu Nurudini, tulipomlilia kichanga, kwa Mzee Cleophas, tulipomlilia kaka yake yule wa lori. Programu ikauliza, kwa adabu, kama iweke kanuni kwamba nyumba ya mtaa ni ile ambayo watu wameketi matanga. Odilia akasema ndiyo, ndivyo ilivyo. Hakudanganya. Ndivyo ilivyokuwa.

Kwa Aline hapajawahi kuketiwa. Yeye na mumewe, Evaristi Nkunzimana, walikuwa watu wa asili ya Burundi wenye uraia wao wa siku nyingi, na walinunua kile kiwanja Tanuru ikiwa bado matanuru ya matofali na nyasi. Baba yake Evaristi alikuwa amefia Kasanda walikokuwa wakilima, akazikwa hukohuko. Tangu wahamie mjini hakuna aliyekufa nyumbani mwao. Kwenye misiba ya wengine Evaristi alichimba kaburi, Aline aliosha masufuria makubwa, wakaitwa wenzetu mpaka masufuria yakauke. Walipoomba kuingia chamani, waliambiwa bado hatujawahi kufika kwenu. Ilisemwa kwa upole kila mara.

Programu ikachora ramani ya mtaa. Ilikuwa nzuri, na kila nyumba ilikuwa na bati lake jekundu. Ua wa Odilia ulipakana na ua wa Mzee Cleophas, na katikati hapakuwa na kitu. Odilia aliliona hilo akadhani ni la picha tu.

Kisha mtaa ukaanza kufanana na ramani. Madereva wa bodaboda waliombeba Aline kutoka sokoni walimshusha kwa Odilia au kwa Mzee Cleophas, kwa sababu hapo kati hapakuwa na pa kusimama. Mvua ikanyesha Tanuru nzima, ikaruka bati lake, ikaendelea. Aline akawa anatega beseni kwa jirani. Waliotaka kununua udaga wake walijifunza kuingia ubavuubavu huku wamebana pumzi, na wanene wakaagiza kwa wembamba. Watu walizoea. Odilia naye, nyuma ya saluni, alijikuta ameongezewa mahali panapotosha benchi la wateja. Akaweka benchi.

Tatizo lilikuwa Alhamisi. Alhamisi wapima viwanja wangefika Tanuru, na wapima hupima kilichopo. Nyumba ambayo siku hiyo ingekuwa haionekani isingewekewa mawe ya mipaka, na ardhi yake ingeandikwa kwa walio kushoto na kulia. Siku Aline anagombana na Mzee Cleophas ilikuwa Jumatatu, na mlango wake ulikuwa umebaki upana wa mwamvuli uliokunjwa.

Mteja alipoondoka, Odilia aliifungua simu akaiambia iongeze nyumba ya Aline. Programu ikamshukuru kwa taarifa, ikasema nyumba hiyo inapingana na kanuni, ikauliza kama ibadilishe kanuni. Akasema badilisha. Ikamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alitaka kanuni zibadilishwe kwa idhini ya watu watatu: mwenyekiti, mweka hazina na katibu. Alikuwa ameogopa watu wasije kusema amejichukulia mtaa. Akajaribu njia nyingine, akaandika kwamba kwa Aline kuna msiba. Programu ikampa pole. Ikaongeza kwamba itasubiri simu za wanachama zionekane zimeketi hapo, na za viongozi wote watatu zikiwemo, kama alivyoagiza baada ya mwaka ule mtu kuwaliza kwa maiti ambayo haikuwepo.

Akampigia Obedi, mtoto wa kaka yake, anayefanya kazi za kompyuta Dar es Salaam. Obedi akamuuliza programu ameiandika kwa lugha gani. Odilia akasema kwa Kiswahili. Kijana akamwelekeza jinsi ya kufungua sehemu ya ndani ampigie picha. Odilia akafungua, akaona maandishi yamejipanga wima na mlalo, akapiga picha akafunga upesi, kama mtu aliyefungua bafu lenye mwenyewe ndani. Obedi alikaa na zile picha mpaka jioni.

"Haina kosa, shangazi," alisema. "Inafanya ulichosema."

Jumanne asubuhi Odilia alikwenda kwa mwalimu Nurudini, mweka hazina. Mwalimu alikuwa mtu wa Tanga, mpole, mwenye kupiga pasi mpaka leso. Alisikiliza yote, akakubali kwamba jambo hilo si zuri, akamwomba asimwingize.

"Mimi ni mtumishi, dada. Leo niko Kasulu, kesho naletewa barua ya Kibondo. Mwenyekiti akikubali, nami nimekubali."

Mzee Cleophas alimkaribisha vizuri zaidi. Alimtolea kiti, akaagiza chai. Dirishani kwake mnyaa ulionekana umenawiri, na nyuma yake kipande cha ukuta wa Aline, chembamba kama kitabu kilichosimamishwa.

"Sina neno na yule mama," alisema. "Ni watu wema. Wanachimba kaburi vizuri kuliko sisi. Lakini ukiifungua kanuni kwa mmoja, kesho Tanuru itajaa watu ambao hatujawahi kulia kwao. Utamjuaje nani ni nani?"

Odilia akamwambia Alhamisi wapima watakuja. Mzee Cleophas akasema amesikia hivyo. Akamwongezea sukari.

Jioni ileile, saluni ikiwa tupu, aliingia Bibi Mpawenimana, mama yake Evaristi. Alikuwa amejipenyeza kati ya ukuta wao na benchi la Odilia, na bega moja la kanga lilikuwa na vumbi la tofali. Akakaa kwenye kiti cha mbele ya kioo, akavua kitambaa. Nywele zake zilikuwa nyeupe na laini kama sufi. Akataka mistari, misafi, ya kwenda mahali.

Odilia akaanza kugawa nywele. Bibi aliuliza habari za watoto, za mteja yule aliyeachwa na mume, na za yule mume. Akajibiwa zote kwa urefu. Kisha akajitazama kiooni.

"Hiyo simu yako, mwana wanje, inataka mtu wa namna gani?"

"Mtu wa nini, Bibi?"

"Wa kufa."

Odilia hakuacha kusuka. Alisema inataka mtu wa nyumba ileile, na watu waje waketi.

"Haichagui umri?"

"Haichagui."

"Basi kaza vizuri huku nyuma," alisema Bibi. "Huku ndiko nitakakolalia."

Odilia alimwambia asubiri, kwamba atarudi kwa mzee kumsihi tena, kwamba hata wapima huwa wanachelewa. Bibi akasema yeye ameshahamishwa mara nyingi, na watu wenye bunduki, na watu wenye magari ya misaada, na mara moja na mafuriko. Hawezi tena kuhamishwa na mnyaa. Ingekuwa jambo la busara, alisema, kama angekufa pamoja na mzee wake kule Kasanda, lakini wakati ule mahindi yalikuwa yanataka palizi. Odilia akasuka mpaka mstari wa mwisho ukaisha, akafunga uzi akaukata kwa meno.

Jumatano Bibi aliosha sufuria lake, akamweleza Aline maharage gani yaanze kupikwa na yapi ni ya mbegu, akalala kwa ule upande, akafa.

Aline alitoka nje mikono kichwani, akitanguliza bega. Programu haikutuma tangazo, kwa maana hapakuwa na nyumba ya kutangazia. Ikabidi Odilia afunge saluni azunguke mlango kwa mlango kama zamani, na alipoishiwa sauti Sylvesta akampokea. Tanuru ikaja. Msiba ni msiba, na mtu akikuita kwa mdomo huwezi kusema hukuona ujumbe. Walikaa barabarani mbele ya ule mlango, juu ya mikeka na matofali, wakaingia kuaga mmojammoja, wanene wakavutwa mkono kutoka ndani.

Kila simu iliyofika, nyumba ilijinyoosha kidogo. Ukuta ulitoa mlio wa kitanda cha kamba. Mwalimu Nurudini alipoketi, upande wa Odilia ulifunguka wote kwa mara moja, na kule nyuma ya saluni likasikika benchi likianguka chali. Upande wa Mzee Cleophas haukusogea. Odilia akatazama simu: viongozi wawili kati ya watatu. Bati jekundu lilikuwa linatokea na kupotea, na mlango wa Aline nao ulikuwa unapanuka na kurudi, kiasi kwamba waliokuwa ndani walishauriwa wasitoe vichwa.

Mzee Cleophas alikuwa amekaa barazani kwake, hatua chache kutoka pale, anaosha miguu. Aliosha mguu mmoja kwa muda mrefu. Akahamia wa pili.

Evaristi alifika jua likiwa limeinama, kutoka Kibondo, alikokuwa mlinzi wa ghala kambini Nduta. Dereva wa bodaboda alimpitisha mbele ya nyumba yake, akarudi naye, akampitisha tena, akamwomba radhi. Evaristi akashuka, akafumba macho, akafuata sauti za wanawake mpaka alipomgusa Aline begani. Akauliza mama yuko wapi. Aline akamwonyesha ule mlango, akamwambia asubiri upanuke.

Giza lilikuwa halijaingia lakini lilikuwa njiani, na asubuhi wapima wangekuja. Watu walianza kutazama baraza ya Mzee Cleophas, kwanza kwa jicho la pembeni, halafu waziwazi. Ndipo Sylvesta akasema, kwa sauti ya mtu anayemwambia wa jirani huku anamtaka wa mbali asikie, kwamba ni vizuri kujua mapema nani haji kwenye misiba ya wenzake, ili siku yake ikifika watu wasiache shughuli zao. Wanawake wakaguna. Mzee Cleophas akamwaga maji, akavaa viatu.

Alikuja na mzigo wa kuni begani, mzuri, kuni kavu. Akampa mkono Evaristi, akamwambia mama alikuwa mama wa wote. Akaketi kwenye kiti alichotolewa. Odilia akatazama simu. Wawili kati ya watatu.

"Mzee," alisema, "simu yako?"

"Haina chaji. Nimeiacha nyumbani."

Mlango wa Aline ulijibana tena, na aliyekuwa kizingitini akarudi ndani haraka. Mzee Cleophas akaanza kumuuliza mwalimu Nurudini habari za mitihani ya darasa la saba, na mwalimu akamjibu kwa ufupi, akiangalia leso yake. Evaristi alisimama mbele ya ukuta wake, amenyoosha kiganja juu ya matofali, kama anayemtuliza ng'ombe.

Aliyeleta simu ni Rosa, mke wa mzee. Alikuja na wanawake wa upande ule, kila mmoja na chungu chake kama ilivyo desturi. Chungu chake kilikuwa cha ndizi, na juu ya kifuniko alikuwa ameilaza simu ya mumewe, imewashwa, taa ya chaji ikiwa kijani.

"Umesahau hii," alimwambia, akaiweka mapajani mwake mbele ya watu wote, akapita kwenda jikoni.

Bati jekundu likatulia. Nyumba ikashusha pumzi, mlango ukafunguka ukawa mlango, na uwanja ukatanuka upande wa mnyaa mpaka ukafika kwenye shina la mnyaa lenyewe. Hapo ukakoma. Jiko lilikuwa linapumua tena, ila kamba ya nguo, mkeka wa udaga na njia ya mtu mwenye ndoo vilibaki ng'ambo. Mnyaa ulikuwa umeshaota mizizi. Odilia akasubiri uendelee. Akazima simu, akaiwasha. Programu ikawakaribisha akina Nkunzimana katika mtaa wa Tanuru, ikawapa pole.

Walimzika Bibi Alhamisi asubuhi. Wapima walikuwa wamefika, wakasubiri wenye mji watoke makaburini, maana walikuwa vijana wenye heshima. Aline aliwaonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa kamba yake. Kiongozi wao akatazama, akasema mama, mimi naandika ninachokiona. Wakachimbia mawe ya mipaka kwenye mstari wa mnyaa, na Mzee Cleophas, ambaye alikuwa bado na udongo wa kaburi kwenye viatu, akawashikia mwisho wa utepe. Kule kwa Odilia mawe yalikaa mahali pa zamani, na benchi likarudi ndani ya saluni.

Bibi Mpawenimana alirudi kutoka makaburini kwa miguu, nyuma kidogo ya watu, kwa sababu magoti yake hayakumruhusu kwenda haraka. Alipofika alilalamika kwamba udongo wa upande ule una baridi, akavuta kigoda karibu na moto. Aline akampa chai. Likazuka swali kama matanga bado yanahesabika ikiwa marehemu yuko jikoni. Mwalimu Nurudini akaombwa aangalie, akaangalia, akasema programu inauliza tu kama watu waliketi. Watu walikuwa wameketi. Mzee Cleophas akasema hana pingamizi, jambo limekwenda kikanuni.

Jioni ya siku ya kuanua matanga mvua ilinyesha. Ilianza kwa Sylvesta, ikaja kwa Mzee Cleophas, ikapiga bati la Aline kwa kelele mpaka wakashindwa kusikilizana, ikamlowanisha Odilia aliyekuwa anavusha viti vya chama. Mwisho wa mtaa ikaliruka bati moja, la Abbasi, fundi baiskeli aliyehamia mwaka huu na mkewe na mapacha. Abbasi alikuwa amesimama mlangoni, mkavu, anautazama mlango wake, ambao alikuwa ameupaka rangi yeye mwenyewe na sasa unaonekana umezidi upana wa fremu. Waliopita na miavuli walimsalimia. Mmoja wao alimuuliza, kwa nia njema kabisa, kama hana mzee yeyote huko kwao anayeweza kuja kuishi naye.

Odilia akajikinga chini ya bati la Aline, akatoa simu. Akaiambia ibadilishe kanuni. Ikatuma ombi kwa mwenyekiti na kwa mweka hazina, ikamshukuru kwa subira. Akasimama hapo anaitazama. Kwa Mzee Cleophas redio ilikuwa inasoma taarifa ya habari, na ng'ambo ya mnyaa, pale ilipokuwa njia ya mtu mwenye ndoo, Rosa alikuwa anapanda mahindi kwenye udongo uliolowa.

"Huyo Abbasi," alisema Bibi kutoka ndani, "kwao kuna mtu mzima?"

Odilia akasema kuna mama yake, yuko Kakonko. Bado ana nguvu, analima.

Bibi akafikiri. Moshi ulipita juu ya mistari yake, ambayo haikuwa imefumuka hata mmoja.

"Mwambie asimlete kwanza," alisema. Akasogeza kigoda, akafunua ugali. "Nawe unalowana hapo bure. Ingia ule."